Kumwandika Mchezaji Uliyemjua: Majibu kwa Wasomaji Watatu

Barua zilizofika kwenye safu hii mwezi huu zilikuwa za mambo mengi, lakini tatu kati yake zinahusu jambo moja, na jambo lenyewe ni zito kiasi cha kustahiki ukurasa wote. Zinauliza namna mwandishi wa michezo anavyopaswa kumwandika mchezaji aliyefariki ghafla, hasa pale mwandishi huyo alipokuwa akimjua kwa karibu. Nimezifupisha na kuondoa majina, kwa sababu wanaohusika wamo mjini humu na misiba yenyewe bado ni mibichi.

SWALI: Assalamu alaikum mzee wetu. Mimi ni kijana ninayeandika habari za kandanda ya ligi za chini hapa Mombasa. Hivi karibuni kipa wa timu ya mtaani kwetu alifariki katika ajali ya bodaboda akirudi kutoka mazoezini, na mwendesha bodaboda naye akafariki. Mimi na kipa huyo tulijuana tangu tukicheza mpira wa makaratasi. Mhariri alinitaka maneno mia sita kabla ya magharibi, na nilipoketi kuandika sikupata ila yale maneno ambayo kila mtu huyaandika. Lililonitatiza zaidi ni kwamba nilijua mambo ambayo wengine hawakuyajua: aliwahi kuniambia kwamba ana deni kubwa na kwamba anafikiria kuacha mpira. Je, inafaa mtu amwandike rafiki yake? Na akimwandika, aseme yote anayoyajua?
Mwandishi chipukizi, Kisauni

JIBU: Wa alaikum salaam mwanangu, na pole kwa kuondokewa.

Inafaa, na katika hali yako mimi naona ni wajibu. Mkimbiaji wetu wa marathoni, Kelvin Kiptum, alipofariki kwa ajali ya gari usiku wa tarehe 11 Februari 2024 karibu na Kaptagat, magazeti ya kila bara yalimwandika, na hata mwandishi ambaye hakuwahi kumwona akikimbia aliweza kupata habari zake bila ya taabu. Kipa wenu wa Kisauni hana bahati hiyo. Maneno yako mia sita huenda ndiyo maandishi pekee yatakayobaki kuhusu maisha yake ya uwanjani, na watoto wake wakija kuuliza baba yao alikuwa mchezaji wa namna gani, hayo ndiyo watakayosomewa. Asiyemjua angewapigia simu watu wawili, akajaza nafasi, akaendelea na kazi nyingine. Wewe ulimwona akidaka. Sharti ninalokuwekea ni moja tu: mwambie msomaji mapema, kwa sentensi moja isiyo na mapambo, kwamba marehemu alikuwa rafiki yako. Akishalijua hilo atajua namna ya kuyapima maneno yako. Ukimficha, kisha akaja kulisikia kwa wengine, atayatilia shaka hata yale uliyoyathibitisha.

Swali lako la pili ndilo gumu, na ndilo linalowashinda hata waandishi wa miaka mingi. Jibu langu ni kwamba uyagawe mambo unayoyajua kwa kuangalia ulivyoyajua. Yale uliyoyapata kwa kuwa wewe ni mwandishi, yaani uliyoyaona uwanjani, aliyokujibu ulipomhoji na yaliyomo katika rekodi za ligi, ni haki ya wasomaji. Yale uliyoyapata kwa kuwa alikuamini, mkiwa barazani usiku au mkitembea kurudi nyumbani, yalikuwa mali yake, na kwa kufariki kwake hayakugeuka kuwa yako. Alipokuwa hai angeweza kukwambia, "Hili usiliandike." Leo hawezi kukwambia hivyo, na haki ya kulisema neno hilo imebaki kwa jamaa zake.

Deni lake, kwa hiyo, liache. Katika mazishi yetu hutangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu awaendee warithi, na hapo ndipo mahali pa deni. Hilo la kutaka kuacha mpira ni tofauti kidogo, kwa sababu linagusa uchezaji wenyewe na huenda likaeleza mambo ambayo mashabiki waliyaona bila ya kuyaelewa, kama vile kukosa mazoezi au kuwekwa benchi. Mwendee kocha, na baadaye umwendee nduguye. Ikiwa wanalijua na wameridhia lisemwe, liandike kwa kinywa chao. Ikiwa hawalijui, usiwe wewe wa kuwafahamisha kupitia gazeti siku ya pili ya matanga.

Ukaribu una hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana. Anayemjua mtu sana huona hana haja ya kuuliza, akaandika umri kwa kukisia, akataja miaka ya kucheza kwa kukumbuka, na jina akaliandika kama linavyoitwa uwanjani. Hapa kwetu wachezaji wengi hufahamika kwa majina ya utani kiasi kwamba uwanja mzima hulia bila ya kulijua jina ambalo mtu alipewa na wazazi wake. Jina kamili, umri, timu alizochezea na mwaka alioingia kila timu yapaswa kuulizwa upya, kana kwamba hukupata kumwona mtu huyo. Mama yake akilikuta jina la mwanawe limekosewa, kosa hilo litamuuma kuliko lolote jingine katika ukurasa wako.

Tena iko ile saa ya kwanza ya habari, ambapo simu zinaita na kila kundi la WhatsApp lina maelezo yake. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Uturuki tarehe 6 Februari 2023, mwanakandanda Christian Atsu wa Ghana, aliyekuwa akiichezea klabu ya Hatayspor ya huko, alifukiwa na jengo alimokuwa akiishi. Siku ya pili yake zilienea habari kwamba ameokolewa akiwa hai na kupelekwa hospitali, na vyombo vingi vikazitangaza. Hazikuwa za kweli. Mwili wake ulipatikana tarehe 18 mwezi huo huo. Sidhani kama aliyeieneza habari ile alikuwa na nia mbaya. Kila mtu alitamani iwe hivyo, na mtu hupokea haraka habari anayoitamani. Kwa hiyo, hata ukiwa na uchungu, jiulize ni nani aliyeona kwa macho yake. Jamaa aliyekuwa hospitalini ni shahidi, askari wa trafiki aliyefika kwenye ajali ni shahidi, kiongozi wa klabu aliyeutambua mwili ni shahidi. Ujumbe mmoja uliotumwa na watu hamsini unabaki kuwa ujumbe mmoja, na huenda aliyeuanzisha hakuona chochote.

Sasa nije kwenye yale maneno ambayo kila mtu huyaandika. Unayajua na mimi nayajua: nyota imezimika, ameacha pengo lisiloweza kuzibika, alikuwa mcheshi na mwenye kupenda watu. Mwandishi huyashika kwa sababu yako karibu, na kwa sababu anaogopa kusema jambo ambalo si kubwa vya kutosha kwa msiba wenyewe. Lakini sifa hizo humfaa kila maiti, na kinachomfaa kila mtu hakimwelezi yeyote. Mtazame Kiptum. Unaweza kuandika kwamba alikuwa mkimbiaji wa ajabu, na hutakuwa umemwambia msomaji kitu. Au unaweza kuandika kwamba alikimbia marathoni tatu tu maishani mwake na kuzishinda zote: Valencia mwezi Desemba 2022 kwa saa 2:01:53, London mwezi Aprili 2023 kwa 2:01:25, na Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa 2:00:35, iliyokuwa rekodi mpya ya dunia. Kisha ueleze kwamba huko London na Chicago nusu ya pili ya mbio aliikimbia kwa muda usiofika saa moja, haraka kuliko nusu ya kwanza, yaani pale ambapo miguu ya wengine huanza kukataa ndipo yeye alipoongeza mwendo. Alikuwa na miaka 24. Msomaji akifika hapo hahitaji kuambiwa ahuzunike.

Nicholas Bett naye alifariki katika ajali ya gari huko Nandi tarehe 8 Agosti 2018, muda mfupi baada ya kurejea kutoka mashindano ya Afrika yaliyofanyika Asaba, Nigeria. Kati ya yote yaliyoandikwa juu yake, mimi hukumbuka jambo moja: kwamba alipotwaa ubingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi huko Beijing mwaka 2015, kwa sekunde 47.79, alikimbia katika njia ya tisa, ile ya nje kabisa, ambako mkimbiaji yuko mbele peke yake na hawaoni wapinzani wake mpaka wamfikie. Hawakumfikia. Jambo hilo dogo linaeleza ujasiri wake kuliko kurasa mbili za sifa, tena linaweza kuhakikiwa na yeyote.

Kwa kipa wako, basi, tafuta njia yake ya tisa. Je, alipokabiliwa na penalti alitangulia kuruka au alingoja? Upepo wa kusi ulipovuma na mipira ya juu ikabadili mwelekeo angani, aliitoka au alibaki langoni? Aliwapangaje mabeki wake kabla ya kona, kwa sauti au kwa mikono? Waulize washambuliaji waliomfunga na wale ambao hawakuwahi kumfunga, kwa maana hakuna anayemjua kipa kuliko mtu aliyenyimwa bao naye. Muulize pia anayefua jezi na anayepanga mipira. Hao huona yale ambayo kocha hayaoni. Na nakusihi usianze habari yako kwa kueleza ulikuwa wapi simu ilipoita na ulivyojisikia. Majonzi yako ni ya kweli, lakini nafasi hiyo ni ya marehemu, na kila sentensi inayokuhusu wewe imemwondolea yeye moja.

Jambo ambalo barua yako imelipita kwa nusu ya sentensi ni mwendesha bodaboda. Naye alifariki, naye ana mama. Ajali inapomchukua mtu mashuhuri pamoja na wengine, wengine hao hugeuzwa kuwa idadi. Katika gari la Kiptum alifariki pia kocha wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda, ambaye aliwahi kuwa mkimbiaji na ndiye aliyemfikisha mwanafunzi wake kwenye rekodi. Na bado kuna habari nilizosoma zilizomtaja kwa neno moja, "kocha". Helikopta iliyomuua Kobe Bryant, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, tarehe 26 Januari 2020 iliua watu tisa kwa jumla, akiwemo binti yake Gianna mwenye miaka 13. Mwanakandanda Diogo Jota wa Ureno alipofariki huko Uhispania tarehe 3 Julai 2025, nduguye André Silva, mchezaji kama yeye, alikuwa pamoja naye ndani ya gari. Katika maneno mia sita unaweza kumpa yule kijana wa bodaboda jina lake kamili, umri wake na mtaa wake, baada ya kuwauliza jamaa zake kama wameridhia. Hayo hayafiki hata mistari mitatu.

Kuhusu muda aliokupa mhariri, nakushauri ujadiliane naye. Kiptum alizikwa tarehe 23 Februari, siku kumi na mbili baada ya kifo chake, na waandishi walikuwa na nafasi ya kwenda kijijini, kurudi na kuandika tena. Hapa kwetu mtu akifariki alfajiri huenda akasaliwa adhuhuri au alasiri na kuzikwa Kikowani kabla gazeti halijapangwa. Habari ya siku ya kwanza, kwa hiyo, iwe fupi: nani, wapi, lini, na mazishi yalikuwaje. Yale maandishi marefu ya kumweleza mtu yanaweza kungoja mpaka siku ya hitima, au hata arobaini, wakati ambapo watu wamepata kutulia na wanaweza kukumbuka kwa utaratibu. Mhariri mwema ataelewa kwamba maneno mia sita ya wiki ijayo, yaliyothibitishwa na yenye mtu ndani yake, yana thamani kuliko mia sita ya leo yaliyoandikwa kwa mkono unaotetemeka.

SWALI: Mhariri mpendwa, nimekuwa msomaji wa kurasa za michezo tangu ujana wangu. Samuel Wanjiru alipofariki mwaka 2011 nilisoma mengi zaidi kuhusu mizozo ya nyumbani mwake kuliko kuhusu medali yake. Sisi tumelelewa kwamba marehemu hutajwa kwa mema. Kwa nini waandishi hawaufuati mwiko huo? Au ukishakuwa mwandishi umeruhusiwa?
Msomaji wa siku nyingi, Mikindani

JIBU: Hakuna aliyeruhusiwa, ndugu yangu, na malezi unayoyataja ni yangu pia. Hata hivyo naomba nikueleze kwa nini siwezi kukubali kwamba mema peke yake yatoshe.

Nianze na Wanjiru, kwa sababu hapo una haki. Kijana yule alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki. Alifanya hivyo Beijing mwaka 2008, akiwa na miaka 21, katika joto lililowafanya wengi wapange kukimbia kwa tahadhari. Yeye alitoka kwa kasi tangu mwanzo na kumaliza kwa saa 2:06:32, akaivunja rekodi ya Olimpiki iliyokuwa imesimama tangu 1984 kwa zaidi ya dakika mbili na nusu. Mbio ile ilibadili namna marathoni za mashindano makubwa zinavyokimbiwa. Alipofariki Nyahururu tarehe 15 Mei 2011 kwa kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake, maelezo ya namna alivyoanguka yalipingana tangu siku ya kwanza, na familia nayo ikagawanyika hata mazishi yakachelewa. Mwandishi hakuwa na budi kuliripoti hilo. Alilokuwa na hiari nalo ni kiasi cha nafasi, na wengi waliitumia nafasi hiyo kukisia, wakimweka nyuma yule mkimbiaji wa Beijing kana kwamba ni utangulizi wa kashfa.

Lakini sasa mtazame Kobe Bryant. Mwaka 2003 alishtakiwa huko Colorado kwa tuhuma za kumbaka mwanamke. Mashtaka yakafutwa mwaka 2004 baada ya mlalamikaji kukataa kutoa ushahidi mahakamani, na kesi ya madai ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2005. Siku aliyofariki, mwandishi mmoja wa gazeti la Washington Post alisambaza makala ya zamani kuhusu kesi hiyo, naye akasimamishwa kazi na mwajiri wake, kisha akarudishwa baada ya wenzake wengi kumtetea. Mimi nasimama na wale waliomtetea. Kesi ile ilikuwa sehemu ya maisha ya hadharani ya mchezaji huyo, iliyomo katika kumbukumbu za mahakama, na mwanamke aliyelalamika bado anaishi na anasoma magazeti kama sisi. Kuiondoa kabisa ni kumwambia yeye kwamba hakuwahi kuwepo. Ninachoweza kukubali ni kwamba pana wakati na pana kipimo: aya moja iliyo wazi na isiyo na chuki, mahali pake katika mfuatano wa maisha yake, inatosha.

Na lipo jambo linalonisukuma kulishikilia hili zaidi. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten tarehe 13 Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Mumewe alikamatwa hapa kwetu Changamwe na kushtakiwa kwa mauaji, shtaka alilolikana. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris mwezi Agosti 2024, na kabla mwezi haujatimia alikuwa amechomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Alifariki hospitalini Eldoret tarehe 5 Septemba. Katika misiba hiyo miwili nilisoma sentensi zilizouita ukatili huo mzozo wa kimapenzi, au ugomvi wa kiwanja, kwa lugha laini ambayo bila shaka ilikusudiwa kuwasitiri waliokufa. Haikuwasitiri wao. Iliwasitiri waliowadhuru. Mwanariadha aliyeuawa anastahiki kutajwa kuwa ameuawa, na aliyeshtakiwa anastahiki kuitwa mshukiwa mpaka mahakama iamue; kati ya mawili hayo mwandishi hana haja ya kutafuta neno la kupoza.

Waliokuwa karibu na Tirop katika riadha waliunda kundi la Tirop's Angels kupinga ukatili wa kijinsia. Wangenyamaza kwa hoja kwamba mambo ya nyumbani kwa marehemu hayasemwi, kundi hilo lisingekuwepo. Kwa hiyo, ndugu yangu, mwiko wetu nauheshimu katika aibu ambazo hazimdhuru mtu mwingine. Pale palipo na aliyedhuriwa, awe ni marehemu mwenyewe au ni mtu aliyekutana naye maishani, kunyamaza hakuwezi kuitwa wema.

SWALI: Kaka yangu alikuwa winga wa timu moja hapa Likoni. Alianguka wakati wa mazoezi na akafariki kabla ya kufika hospitali. Siku ya pili gazeti moja liliandika kwamba huenda alikuwa akitumia dawa za kulevya, kwa kumnukuu mchezaji mwenzake ambaye hakutajwa jina, na likachapisha picha ya mama yetu akiwa ameanguka chini kwa kilio. Mwandishi huyo tunamjua, amekula chakula kwetu. Je, alikuwa na haki? Na sisi tufanye nini?
Dada wa marehemu, Likoni

JIBU: Pole sana dada, wewe na mama. Hakuwa na haki, wala ya lile neno wala ya ile picha.

Kijana mwenye siha akianguka uwanjani watu hutaka sababu papo hapo, na mjini kwetu sababu iliyo karibu na ndimi za watu ni unga. Lakini moyo wa mwanamichezo unaweza kuwa na ugonjwa ambao yeye mwenyewe haujui. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka katika dakika ya 72 ya nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia mjini Lyon, tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28, mbele ya kamera za dunia nzima. Uchunguzi wa kwanza wa maiti haukuonyesha sababu kwa yakini. Wa pili ndio uliogundua kwamba msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa kupita kiasi, ugonjwa ambao mara nyingi mtu huzaliwa na asili yake na huweza kumuua bila ya dalili. Ikiwa madaktari wa Ufaransa walihitaji kupima mara mbili, mwandishi wa Mombasa hawezi kujua kwa usiku mmoja. Natambua kwamba familia nyingi za Pwani hazipendi maiti ya mtu wao ipasuliwe, na wakiamua hivyo sababu ya kifo huenda isijulikane kamwe. Basi na iandikwe hivyo: alianguka mazoezini, maiti haikufanyiwa uchunguzi, sababu haijulikani. Ni sentensi kamili, na ni ya kweli.

Kuhusu yule mchezaji asiyetajwa jina, ipo dhuluma ya wazi hapo. Kumficha mtu anayetoa habari hufaa pale anapoweza kudhuriwa na wenye nguvu. Marehemu hana nguvu ya kumdhuru yeyote, na wala hawezi kwenda mahakamani kulitetea jina lake. Anayemtuhumu maiti na ajitokeze kwa jina, au tuhuma yake isichapishwe.

Picha ya mama ndiyo iliyonichoma zaidi. Christian Eriksen alipoanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, wachezaji wenzake wa Denmark walisimama kumzunguka, wakampa mgongo, ili kamera zisimwone akishughulikiwa na madaktari. Alipona, alhamdulillahi. Lakini wale vijana hawakujua wakati ule kama atapona. Walijua tu kwamba mtu aliye katika hali hiyo hapaswi kutazamwa. Mwandishi aliyekula kwenu alipaswa kuwa mmoja wa waliosimama hivyo. Angekuja matangani kama jirani, kamera na daftari akaviacha nyumbani, akaketi mkekani na wanaume wenzake. Kisha, siku nyingine, angemwomba baba au ami yenu ruhusa ya kuzungumza. Kanuni za mwenendo wa wanahabari zilizowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zinataka waliofikwa na majonzi wafikiwe kwa uangalifu na kwa staha, kwa hiyo haya si maoni yangu peke yangu.

Mnaloweza kufanya ni hili. Kwanza andikeni barua kwa mhariri wa gazeti hilo, si kwa mwandishi, mkitaja tarehe ya toleo, ukurasa na sentensi yenyewe mnayoilalamikia, na mtake mambo mawili: masahihisho yachapishwe mahali panapoonekana kama ilivyoonekana habari ya kwanza, na picha iondolewe popote ilipowekwa mtandaoni. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutaka habari isiyo ya kweli inayomwathiri isahihishwe au ifutwe, na mnaweza kuitaja. Msipojibiwa, au mkijibiwa kwa dharau, ipo tume ya malalamishi iliyoundwa chini ya sheria hiyo ya 2013, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya wanahabari na vyombo vyao. Wekeni nakala ya gazeti, picha za ukurasa wa mtandaoni kabla hazijaondolewa, na nakala ya kila barua mtakayoandika. Kama marehemu alikuwa na kadi ya kliniki au alipimwa afya na klabu kabla ya msimu, karatasi hizo nazo zitafutwe, lakini msimpe mtu asili yake, toeni nakala.

Na ikiwa mtapenda kaka yako aandikwe upya, kwa uchezaji wake na kwa jina lake, niandikieni kupitia anwani ya jarida hili baada ya eda na arobaini kupita. Nitahitaji kuzungumza na kocha wake, na beki mmoja au wawili waliowahi kumkaba, na wewe au mama mtayasoma maelezo yanayohusu nyumbani kabla hayajachapishwa.